Mlango wa Mzee Pandu

Watu wakisikia nimefika Amanani huniuliza kwanza nilipitia wapi, nilipanda nini, njiani nilikula nini. Siwajibu. Njia ni njia tu, na miguu huchoka popote. Kilichonitoa jasho mimi ni yale niliyoyaona baada ya kufika, nami nayaeleza hapa kama yalivyokuwa, bila kuyatia chumvi, kwa sababu hayahitaji.

Amanani ni nchi safi. Barabara zimefagiwa, watu wanasalimiana, na mwizi hayupo. Hilo la mwizi watakwambia kabla hujakaa kitini. Mwizi hayupo kwa sababu ufunguo haupo. Kila mlango wa nchi ile ni wa chuma, mzito, na hufunguka kwa kutamkiwa neno lake. Si neno la kueleweka, kama jina la mtoto au la mji. Hayo, wanasema, hata mpita njia atayakisia. Neno la mlango wa Amanani ni mlolongo mrefu wa sauti zisizo na maana, na likishatumika mara moja hutupwa, likatungwa jingine. Mwenye nyumba halijui neno la mlango wake mwenyewe, na sheria inamkataza kulijua. Kukumbuka, kwao, ni uzembe. Kilichomo kichwani kinaweza kuponyoka mdomoni.

Maneno yote huhifadhiwa Ghalani. Ghala ni jengo kubwa katikati ya mji, halina dirisha hata moja la nje, na watu wake hawatoki wala hawaonekani. Mbele yake, vikiwa vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, kuna Baraza, na huko ndiko wananchi huenda. Unamwambia mtumishi wa Baraza kwamba unataka kuingia kwako, yeye anauliza Ghalani, neno linaletwa, kisha mnafuatana hadi mlangoni akautamkie. Wa Baraza haruhusiwi kuingia Ghalani, wa Ghala haruhusiwi kutoka. Niliuliza kwa nini watu wazima wajisumbue hivyo kila wanaporudi kutoka sokoni. Nikatazamwa kwa huruma tu.

Mwenyeji wangu alikuwa Mkejina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyeishi na baba yake, Mzee Pandu. Mzee alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi kwa ajili ya pumu. Siku yangu ya kwanza Mkejina alinipeleka Baraza nijionee. Akanionyesha bomba la shaba lililopita ukutani, ambalo watumishi huulizia. Kando yake palikuwa na tundu, ambalo kwalo Ghala humchungulia anayeuliza. Na chini ya bomba, usawa wa kifua, palikuwa na kidirisha kidogo cha mbao kimefungwa. Nikauliza ni cha nini. Akasema ni cha wenye milango: Ghala likiwa na jambo la kumuuliza mwenye nyumba mwenyewe, hukifungua likamuuliza. Yeye aliulizwa mara moja tu maishani mwake, siku aliyorithi nyumba ya mama yake. Tukaenda kunywa maji ya miwa, na habari hiyo ikaishia hapo.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi Mzee Pandu aliamka kifua kimembana. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Aliitikisa, akavuta, wapi. Mkejina akajitupia kanga, mimi nikasema sibaki, tukatoka mbio hadi duka la dawa. Dawa tukaipata. Tatizo ni kwamba mlango ulijifunga nyuma yetu, kama milango yote ya Amanani inavyojifunga, na usidhani aliye ndani anaweza kukufungulia. Ukishafunguliwa kwa neno, mlango wa kule hutoa watu mara moja tu, na mara hiyo tulikuwa tumeitumia; baada ya hapo haujui ndani wala nje, unajua neno tu. Dirisha la chumba cha mzee ni upenyo mwembamba karibu na dari, umewekwa nondo na wavu wa chuma usiopitisha hata kidole, ili asiingie yule mwizi asiyekuwepo.

Hatukuwa na wasiwasi mkubwa. Kwa kawaida neno huja kabla hujamaliza kujifuta jasho. Mkejina alimwomba jirani yake, Bi Kidawa, mama mnene mwenye moyo mzuri, akae nje ameegemea ukuta wa chumba cha mzee, asikilize. Akamwambia baba yake kwa sauti apige ukuta kila baada ya muda ili tujue yuko sawa. Mzee akagonga kwa nguvu, ngo, ngo, ngo, tukaondoka.

Baraza tulilikuta limejaa watu mpaka nje. Wengine walikuwa wamelala pale tangu jana, watoto wamejinyoosha juu ya marobota, wazee wamevua viatu. Watumishi wote walikuwa wamevaa majoho mapya ya kijani, kwa maana jana yake Baraza lilivua majoho ya zamani ya kahawia kwa sherehe na hotuba ndefu. Na ukuta ule wa Ghala sikuutambua. Ulikuwa umefunikwa mbao tangu usawa wa kiuno hadi juu, ubao juu ya ubao, limebaki bomba na tundu lake tu.

Hizo ni mbao za kuomba radhi. Sheria ya Amanani inasema mwananchi akicheleweshwa, hata kidogo, aombwe radhi papo hapo, kwa maandishi, mahali pa kuonekana. Kwa hiyo seremala wa Baraza anakaa tayari na misumari mdomoni. Ubao mmoja uliandikwa "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Mwingine, "Tunajali muda wako." Mwingine, "Tuko pamoja nawe." Na ubao ukishapigiliwa haung'olewi mpaka usumbufu wenyewe uishe; kuung'oa kabla ya hapo ni kusema Baraza halikujutia kwa dhati, na hilo ni kosa la jinai.

Mtumishi aliyetupokea aliitwa Bwana Msabaha, kijana nadhifu, ananukia vizuri, ana sauti laini ya kumbembeleza mgonjwa. Mkejina akamweleza kila kitu kwa pumzi moja: baba, pumu, dawa hii hapa, mlango umefungwa. Akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akasema Baraza na Ghala havijaunganika.

Mkejina akamuuliza maana yake nini. Akasema maana yake ni kwamba wao wanauliza kwenye bomba na hakuna jibu. Je, Ghala limelala? Hapana, moshi wa jiko lao unaonekana, kwa hiyo wako macho. Je, Baraza lina kasoro? Hapana, Baraza liko sawa kabisa, tena lina majoho mapya. Ghala likiwa sawa na Baraza likiwa sawa, akasema kwa upole, basi inawezekana tatizo liko upande wa mteja. Akamuuliza Mkejina kama ana hakika kwamba ana nyumba.

Damu ilinichemka. Nilitaka kumwambia neno, Mkejina akanishika mkono. Alikuwa akiogopa kwamba akimuudhi atamchelewesha zaidi.

Basi akaitwa Mkuu wa Maunganisho, Bwana Fumbwe, mzee mfupi mwenye tumbo na uso wa kutokuwa na haraka. Huyo ndiye bingwa wa nchi nzima katika jambo hilo. Alisimama mbele ya bomba, akaligonga kwa kidole, akatega sikio, akatangaza hatua ya kwanza: watumishi wote watoke nje, wakae juani kidogo, kisha waingie tena kana kwamba siku ndiyo inaanza.

Nilidhani anatania. Wakatoka kweli, majoho yao ya kijani yakiburuta vumbi, wakakaa kwenye ukingo wa mfereji, wakainuka, wakaingia. Walipoingia wakatusalimu "habari za asubuhi" na jua liko utosini. Bwana Msabaha akamtazama Mkejina kama hajawahi kumwona, akamuuliza shida yake ni nini. Mkejina akaanza upya, baba, pumu, dawa, mlango. Akaambiwa mstari unaanzia kule nyuma.

Wakauliza kwenye bomba. Kimya. Seremala akapigilia ubao.

Bi Kidawa akafika wakati huo akihema, kanga imemwanguka begani. Akasema mzee bado anagonga, lakini si kama mwanzo. Mwanzo aligonga mara tatu mfululizo. Sasa anagonga moja, anapumzika, halafu nyingine. Akarudi haraka kwenye ukuta wake. Mkejina akaitazama ile dawa mkononi mwake, akarudi mstarini.

Hatua ya pili ya Bwana Fumbwe ilihusu mlinzi. Pale pembeni ya bomba hukaa mlinzi, mtu mkubwa asiyecheka, ambaye kazi yake ni kuzuia chochote asichokijua. Kwa kuwa anayoyajua ni machache, huzuia karibu kila kitu, na kwa hilo amepewa nishani. Bwana Fumbwe alimwomba afumbe macho kwa muda. Mlinzi akakataa mpaka apate amri. Amri ikatafutwa, ikapatikana, akafumba macho, tena kwa kinyongo. Wakauliza kwenye bomba. Kimya. Mlinzi akafumbua macho akasema aliwaambia. Ubao ukapigiliwa.

Hatua ya tatu, akasema Mkejina aende kwenye Baraza la pili, ng'ambo ya uwanja, maana huenda huko kuna usikivu. Tukakimbia. Baraza la pili ni dogo na watumishi wake wanajivunia wepesi wao. Walitupokea vizuri mno, wakatuuliza Ghala letu ni lipi, na walipojua ni lile lile wakatuuliza kama tumeshajaribu Baraza la kwanza. Nilicheka, nawaambia ukweli, nilicheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Mkejina hakucheka. Aligeuka akakimbia kurudi, nami nyuma yake nikivuta miguu yangu ya bibi kizee.

Tuliporudi tulikuta mjadala. Wataalamu wa Bwana Fumbwe walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulishikilia kwamba Baraza limekuwa jipya kupita kiasi na Ghala bado ni la zamani, na kipya hakiwezi kusikilizana na cha zamani. Dawa ni Baraza lirudie majoho ya kahawia. Upande wa pili ulisema hiyo ni fedheha, hakuna anayerudi nyuma. Dawa ni Ghala lipewe majoho ya kijani. Wakaulizwa watayafikishaje huko ndani, ilhali hakuna anayeruhusiwa kuingia. Wakasema hilo ni suala la utekelezaji, wao wanazungumzia msimamo. Walizungumza kwa zamu, kwa heshima, wakianza kwa kumsifu aliyetangulia. Hakuna aliyekosea neno. Katikati ya hotuba moja kati ya hizo, mama mmoja aliyekuwa mstarini alimtazama Mkejina, akasema kwa sauti ya chini kwamba baba wa huyu binti anakufa, jamani. Wakamwomba asubiri wakati wa maswali.

Bi Kidawa akaja tena. Safari hii hakusema haraka. Alimshika Mkejina mabega mawili, akamwambia kwamba mzee anagonga kwa kucha sasa, si kwa ngumi. Unaweza kumsikia ukibandika sikio kabisa.

"Anagonga lakini?" Mkejina akauliza.

"Anagonga, mwanangu. Anangoja tu umjibu."

Vijana wa mtaani, akaongeza, walijaribu mlango kwa magongo na mawe mpaka wakachoka, hata mkwaruzo haukuingia. Mkejina akamrudisha, akamwomba amjibu mzee kwa kugonga, kila atakapogonga, asimwache mpweke.

Mimi hapo uvumilivu uliniishia. Nilimwendea Bwana Fumbwe nikamwambia, kwa adabu niliyobakiwa nayo, kwamba mtu yuko nyuma ya chuma anakosa pumzi, na wao wanabishana rangi ya nguo. Akanijibu kwamba ananielewa kabisa, tena sana, na kwamba sasa amefikia hatua ya mwisho, ambayo haijawahi kushindwa: Baraza litang'olewa lote na kuwekwa tena.

Wakaanza. Mabenchi yakatolewa, meza zikatolewa, mapazia yakashushwa, mikeka ikakunjwa, vyote vikabebwa mpaka nyuma ya kilima visionekane, kisha vikarudishwa kimoja kimoja na kupangwa palepale vilipokuwa. Wananchi nao waliambiwa watoke wakasimame nyuma ya kilima. Wakatoka bila kunung'unika, wamebeba watoto. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni ukuta wa mbao, kwa sababu zile ni radhi na radhi haing'olewi.

Mkejina hakwenda kilimani. Alikataa. Alikaa chini palepale, ameuegemea ukuta ule, dawa imo kifuani mwake, macho ameyafumba. Nikakaa karibu naye. Baraza likabaki tupu na kimya kwa mara ya kwanza siku ile. Nyundo zilinyamaza, hotuba zilinyamaza.

Ndipo akafumbua macho. Akageuka, akabandika sikio kwenye mbao.

Nikamuuliza kuna nini. Akaniashiria kwa mkono ninyamaze. Nami nikasogeza sikio langu, nikasikia kitu hafifu, tk, kisha muda, tk. Bwana Msabaha, aliyekuwa akipita na mkeka begani, akasema tusihangaike, hao ni panya, wamekuwa wakifanya hivyo tangu jana.

"Si panya," Mkejina akasema. "Tangu asubuhi naletewa habari za kugonga kwa namna hii. Huyu ni mtu anagonga na anangoja ajibiwe."

Wakati ule ndipo kidirisha kiliponijia akilini. Mimi niliyekiona kwa macho yangu siku ya kwanza, nikauliza ni cha nini, nikaelezwa, nilikuwa nimekisahau moja kwa moja. Siku chache za Amanani zilikuwa zimenitosha. Nikamwambia Mkejina, kidirisha cha wenye milango kiko wapi? Tukatazamana. Kisha tukatazama mbao, usawa wa kifua, chini ya bomba.

Bwana Msabaha alielewa kabla hatujainuka. Aliutupa mkeka, akaja akasimama mbele ya ukuta na mikono ameitanua. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, hakuwa. Uso ulikuwa umempauka. Akasema mbao zikiondolewa kabla ya usumbufu kuisha, yeye ndiye atakayeshtakiwa, ana mke na mama mgonjwa. Akasema Mkejina angoje kidogo tu, Baraza linakaribia kuwekwa tena, huenda usumbufu ukaisha wenyewe, na hapo watang'oa mbao kihalali, kwa heshima. Mkejina akamwambia kwamba usumbufu hautaisha mpaka mbao ziondoke. Bwana Msabaha akasema anamwelewa kabisa. Lakini hakusogea.

Mkejina akamtazama. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kaka, mimi nina baba mmoja. Wewe una mbao nyingi."

Alisubiri, na kijana yule akatazama chini, akaishusha mikono yake, akaondoka njiani. Alikwenda akageukia pembeni, asionekane kuwa aliona.

Nyundo ya seremala ilikuwa juu ya kigoda. Niliichukua mimi, na mkia wake wa kung'olea misumari nikautia chini ya ubao wa juu. Mkejina alishika kwa vidole. Ubao wa kwanza ukaachia kwa kishindo, na wa pili chini yake, na wa tatu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, radhi imelalia radhi, misumari ya hii imeingia ndani ya ile. Kucha za Mkejina zilivuja damu. Nyuma yetu nikasikia watu wanarudi kutoka kilimani na sauti ya Bwana Fumbwe inapanda, nani amewaruhusu, nani amewaruhusu. Mlinzi akaja, lakini kwa kuwa hakuwa na amri juu ya wanawake wanaong'oa mbao, alisimama akatafakari.

Ubao wa mwisho ulipoanguka, kidirisha kilikuwa wazi. Ndani giza, na katika giza mkono wa mtu mzee, kidole kimekunjwa, kinagonga ubao ambao haupo tena. Ukasimama. Sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, ya mtu asiyejua kwamba kuna haraka yoyote duniani.

"Mwenye mlango yupo?"

"Nipo," Mkejina akasema. "Mkejina binti Pandu."

"Tunaona kwenye tundu watu wa majoho ya kijani. Hatuwajui. Wanadai neno la mlango wako. Unawaruhusu?"

Nawaambieni, Baraza zima lilisikia. Tangu jana swali lilikuwa hilo tu. Lilikuwa la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa hatua chache kutoka pale, na katikati yao walipigilia maneno ya kumwambia jinsi wanavyomjali.

"Nawaruhusu," Mkejina akasema.

Papo hapo bomba likakoroma, na neno likaanza kutoka, refu, lisilo kichwa wala miguu, na Bwana Msabaha akarudi mbio kulipokea kwa midomo inayochezacheza. Sauti ya kwenye kidirisha iliongeza, bila lawama, kwamba wamekuwa wakiuliza tangu jana. Kwa kuwa hakuna aliyesema hapana, waliona ni adabu kuendelea kungoja.

Tulikimbia. Sijakimbia vile tangu ujana wangu. Mbele Mkejina, nyuma yake Bwana Msabaha ameinua joho hadi magotini huku akilirudia neno chini chini lisimponyoke, nyuma kabisa mimi. Bi Kidawa alikuwa bado ukutani, sikio limeganda pale, analia. Alitutikisia kichwa. Akasema mzee ameacha kugonga. Yeye amemgongea mara nyingi, mzee hajibu.

Mkejina hakulia. Alisimama mlangoni ameifungua tayari ile dawa. Bwana Msabaha akaanza kutamka, akakwama katikati, akafumba macho, akaanza tena, jasho linamtiririka, na safari hii akafika mwisho. Chuma kikaachia.

Mzee Pandu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kichwa kimeinamia magoti, midomo imekuwa ya kijivu. Nilijua ameshakwenda. Mkejina akapiga magoti, akamwinua kidevu, akamtia dawa mdomoni, akabonyeza, akamwambia vuta, baba, vuta. Hakuna. Akabonyeza tena. Na yule mzee kifua chake kikapanda kidogo sana, kikashuka, kikapanda. Bi Kidawa akakaa chini palepale mlangoni akajifunika uso kwa kanga.

Ilichukua muda mrefu rangi kumrudia. Alipoweza kusema, binti yake alimuuliza, kwa hasira ya mtu aliyeogopa, kwa nini aliacha kugonga.

"Nilikuwa na pumzi ya jambo moja," akasema. "Nikachagua kupumua."

Kesho yake nilipita Baraza kuaga. Mbao zote zilikuwa zimerudishwa ukutani, zimepangwa vizuri kuliko mwanzo, na juu yake umeongezwa ubao mpya wa kuwashukuru wananchi kwa subira. Bwana Fumbwe alinieleza kwamba la Mkejina lilikuwa jambo la pekee, na kwamba Baraza lilipowekwa upya ndipo lilipopona. La wengine bado linachunguzwa. Niliwageukia wale waliokuwa mstarini, nikawaambia kidirisha kiko pale, nyuma ya mbao, swali ni lenu, nendeni mkajibu. Walinisikiliza kwa heshima. Mmoja akasema ameshakaribia mbele na hataki kupoteza nafasi yake. Bwana Msabaha alikuwa kwenye meza yake, hakuninyanyulia macho. Nyuma ya mbao nilisikia kidole kinagonga, taratibu, kinangoja.

Ubao mmoja ulikosekana, akalalamika Bwana Fumbwe, na msako unaendelea. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimetoka kuuona. Kuacha mlango wazi Amanani ni kosa kubwa kuliko hata kuuvunja, lakini mlango wa Mzee Pandu ulikuwa wazi mchana kweupe, upepo unaingia, na yeye amekaa kwenye kigoda kizingitini na dawa yake mfukoni. Chini ya mlango palikuwa na ubao umebanwa usijifunge, na maandishi yake yalisomeka vizuri tu kutoka barabarani: "Tuko pamoja nawe." Nilipokuwa nikimuaga, aliusukuma kwa kisigino ili uingie zaidi.